Lugha Mbili katika War Requiem ya Benjamin Britten

Tarehe 30 Mei, 1962, katika kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza, iliimbwa kwa mara ya kwanza kazi ya Benjamin Britten iitwayo War Requiem, yaani misa ya wafu wa vita. Wanamuziki wamekwisha kuandika mengi juu yake, na si kusudi la insha hii kuyarudia. Nataka kuitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, maana imetungwa kwa lugha mbili, Kilatini na Kiingereza, na nadhani sehemu kubwa ya maana yake imo katika mpaka uliopo baina ya lugha hizo. Swali linaloulizwa hapo ni zito: je, baada ya vita viwili vilivyoangamiza mamilioni ya watu, maneno ya kale ya sala yangali yaweza kusemwa bila unafiki?

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe ilivyopatikana. Usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940, ndege za Kijerumani ziliupiga mji wa Coventry kwa mabomu. Watu zaidi ya 500 walikufa, na kanisa kuu la Mtakatifu Michael liliteketea, zikabaki kuta na mnara. Baada ya vita ilikatwa shauri kwamba magofu yaachwe kama yalivyo na kanisa jipya lijengwe ubavuni mwake. Mchoraji wa jengo hilo alikuwa Basil Spence. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1956, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Mei, 1962. Britten, aliyezaliwa mwaka 1913, aliombwa atunge kazi ya sherehe hiyo. Walioomba walijua kuwa yeye hakupata kuchukua silaha: aliikataa vita kwa sababu ya dhamiri yake. Tabaruku ya kazi yake aliitoa kwa rafiki zake wanne. Watatu walikufa vitani. Wa nne alirudi salama, naye akajiua mwaka 1959.

Maneno ya Kilatini aliyatwaa katika misa ya wafu. Maneno ya Kiingereza aliyatwaa katika mashairi tisa ya Wilfred Owen, na hapana budi tumtaje mshairi huyu. Owen alizaliwa mwaka 1893. Kuanzia mwaka 1911 alikuwa msaidizi wa kasisi katika kijiji cha Dunsden, akaona umaskini wa watu na ubaridi wa kanisa mbele ya umaskini huo, akatoka mapema mwaka 1913 imani yake ikiwa imetikisika. Mwaka 1915 alijiandikisha jeshini. Mwaka 1917 akili zake zilishtuliwa na mizinga, akapelekwa hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, ambako alikutana na mshairi Siegfried Sassoon. Angaliweza pengine kubaki kwao, walakini alirudi Ufaransa mwaka 1918 kuwa pamoja na askari wake. Aliuawa tarehe 4 Novemba, 1918, penye mfereji wa Sambre na Oise, umri wake miaka 25. Simu ya kifo chake ilimfikia mama yake tarehe 11 Novemba, kengele za mji zikipigwa kutangaza kwamba vita vimekwisha.

Britten aliwagawa waimbaji wake makundi matatu. Kundi la kwanza ni mwimbaji wa kike wa soprano, kwaya kubwa na okestra nzima: hawa huimba Kilatini, nao ni sauti ya jamii yote iliapo na kuomba. Kundi la pili ni wanaume wawili, wa tenori na wa baritoni, pamoja na okestra ndogo: hawa ni askari, nao huimba maneno ya Owen. Kundi la tatu ni wavulana pamoja na kinanda cha kanisa, wasikike kwa mbali, mfano wa watu wasioguswa na haya. Msomaji wa fasihi yetu atakumbuka miswada ya Hamziya, ambamo Kiarabu cha Al-Busiri na Kiswahili cha Sayyid Aidarusi hufuatana mstari kwa mstari. Lakini tofauti ni kubwa. Katika Hamziya lugha ya pili yaifasiri ya kwanza na kuitii. Katika War Requiem lugha ya pili yaihoji ya kwanza.

Mfano ulio dhahiri umo katika sehemu ya tatu. Kwaya yataja ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu na kizazi chake. Mara askari wawili wanaingia na shairi la Owen juu ya Ibrahimu na mwanawe. Lafuata kisa cha Biblia karibu hatua kwa hatua, mpaka malaika anapomwonyesha mzee kondoo wa kuchinja badala ya mwana. Hapo Owen anageuza: mzee anakataa, anamchinja mwanawe, na pamoja naye nusu ya uzao wa Ulaya, mmoja baada ya mwingine. Askari wakiwa wanayarudia maneno hayo ya mwisho, wavulana wanaimba kwa utulivu juu ya sadaka na sifa zinazotolewa kwa Mungu. Hakuna anayemjibu mwenzake. Britten hakuongeza hata neno. Aliziweka lugha mbili pamoja tu, na kila moja ikaishitaki nyingine.

Jambo la pili lahusu vina. Katika ushairi wetu kina ni silabi nzima, konsonanti na vokali yake. Owen alitumia sana namna ya kina ambayo kwetu ingehesabiwa kosa: konsonanti zinahifadhiwa, vokali zinabadilika. Kwa mfano wa Kiswahili, ni kama mtunzi akipatanisha kama na kimo, au bara na bure. Sikio latarajia mapatano, lapewa kitu kinachokaribia mapatano kisifike. Shairi lake la askari anayekutana chini ya ardhi na adui aliyemwua limejengwa hivyo tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Sasa tutazame muziki. Kazi yote ya Britten yatawaliwa na sauti mbili, C na F iliyopandishwa nusu toni, ambazo husikika katika kengele tangu mwanzo. Nafasi iliyopo baina yake ni toni tatu kamili, na wataalamu wa zamani waliichukia hata wakaiita shetani wa muziki, maana haimpi msikilizaji mahali pa kutua. Naona kwamba nafasi hiyo katika muziki yafanya kazi ile ile ya kina kilichovunjika katika shairi. Wote wawili walikataa kuwapa watu faraja kabla ya wakati wake.

Je, kazi hii basi ni ya kukana imani? Wako waliosema hivyo, na wako waliosema kinyume, kwamba kwaya mwishowe yayafunika malalamiko. Jibu langu lategemea sehemu ya tano, iliyo fupi kuliko zote. Mwenye tenori anaimba shairi la Owen juu ya msalaba uliosimama kando ya njia ya vita. Makasisi wanapita na kiburi chao, waandishi wanawahimiza watu wawe watiifu kwa dola, bali wenye upendo ulio mkuu wanatoa uhai wao wala hawachukii. Aya ya Yohana 15:13 ilichongwa katika makaburi na minara mingi ya vita vile, mara nyingi kana kwamba kufa na kuua ni tendo moja. Owen aliirudisha kwenye maana yake: upendo usiojitafutia nafsi hauna adui. Wakati huo kwaya yaomba kwa Kilatini kwamba wafu wapewe pumziko. Ndipo mwisho wa yote askari anauvuka mpaka. Kwa mara moja tu katika kazi nzima anaimba Kilatini, tena maneno yasiyo ya misa ya wafu bali ya misa ya kila siku. Kwa sarufi yetu tofauti ni silabi moja: kwaya ilisema uwape, askari anasema utupe. Tena haombi pumziko, anaomba amani. Mtu aliyeikana imani kabisa hangeomba. Na aliyetosheka nayo hangeona haja ya kubadili neno.

Katika sehemu ya mwisho wale maadui wawili wanalala pamoja, na kwa mara ya kwanza makundi yote matatu yanaimba kwa wakati mmoja. Kengele zinarudi na sauti zao mbili, kisha kwaya inatua polepole juu ya sauti ya F. Mwenye tenori siku ile alikuwa Peter Pears, Mwingereza. Mwenye baritoni Dietrich Fischer-Dieskau, aliyekuwa askari wa Kijerumani na mfungwa wa vita. Galina Vishnevskaya alinyimwa ruhusa na serikali ya Kisovieti, na mahali pake akashika Heather Harper. Vishnevskaya aliimba katika sahani iliyorekodiwa London mwaka 1963.

Kwetu sisi Afrika ya Mashariki silabi ile ina uzito wake. Vita alivyofia Owen havikukoma hapa tarehe 11 Novemba. Lettow-Vorbeck aliweka silaha huko Abercorn tarehe 25 Novemba, 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi, na jina la Kariakoo limebaki kuwa ukumbusho wao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakuandikwa majina popote. Owen na Britten waliwaweka pamoja Mwingereza na Mjerumani, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Mpagazi aliyekuwa akiwabebea wote wawili mizigo hakutajwa. Lakini ile tu ya utupe haina hesabu ya watu ndani yake, na lugha haimzuii yeyote kuingia humo. Kazi ya kuwaandika wapagazi hao bado iko mikononi mwetu, na mashairi na nyimbo za vita vile zilizohifadhiwa kwa Kiswahili ndipo mahali pa kuanzia.