Bagamoyo kwa macho ya bara: njia, jina na lugha

Katika vitabu vingi Bagamoyo huelezwa kuwa mji wa kuanzia: msafara unaondoka pwani na kuingia bara. Makala haya yanakusudia kuutazama mji huo kutoka upande wa pili, yaani kwa macho ya mtu aliyeufikia akitoka bara, mzigo ukiwa begani.

Mji huu ulioelekeana na Unguja ulistawi katika karne ya 19, ijapokuwa magofu ya Kaole, jirani yake, ni ya kale zaidi. Njia ya misafara ilipita Mpwapwa na Tabora hata Ujiji, mwendo wa miezi kadhaa. Burton na Speke walioanza safari mwaka 1857 walifika Ujiji Februari 1858, na Aprili wakawa Uvira, mji ulio karibu nasi hapa Bukavu. Ng'ambo ya ziwa, njia iliendelea hadi Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi.

Kuhusu jina la mji, ambalo hufasiriwa kuwa «bwaga moyo», kuna maelezo mawili. Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Wengine, ni pumzi ya mpagazi aliyefika. Kwa upande wa lugha, maelezo ya pili yana nguvu zaidi: kitenzi «kubwaga» ni cha mtu anayetua mzigo, na mwenye huzuni kwa kawaida husemwa amevunjika moyo, si ameubwaga. Hata hivyo, hoja hiyo isitumiwe kufuta mateso. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia mamia ya watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Njia ile ile ilipitwa na mwenye ujira na mwenye mnyororo.

Ni kwa njia hiyo Kiswahili kilitufikia, kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Hata hivyo waliokieneza si waungwana peke yao, bali pia wapagazi, askari na mateka, ambao wengi walikuwa na lugha nyingine ya mama. Kwa hiyo tunaposema «batoto» badala ya «watoto», au «kitabu yangu» badala ya «kitabu changu», hatusemi Kiswahili kilichoharibika. Kiambishi «ba-» kinakumbusha lugha za huku, kama Mashi; na upatanisho uliopunguzwa ni alama ya lugha iliyojifunzwa njiani na watu wazima. Mwanafunzi na ajifunze Kiswahili sanifu, maana anakihitaji. Lakini asikionee haya Kiswahili cha nyumbani, kwa kuwa nacho ni hati ya historia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Sehemu iliyo magharibi ya ziwa haimo. Kuichunguza sehemu hiyo, kijiji kwa kijiji, na kuyaandika maneno ya wazee wa Uvira na Kasongo wangali hai, ni wajibu wetu sisi tulio karibu nao.