Usanifu wa Mizizi

Wataalamu wa kilimo wanapotaja usanifu wa mizizi, hawakusudii wingi wa mizizi wala uzito wake, bali jinsi ilivyopangika ndani ya udongo: upi umezama na upi umetambaa, kwa mwinamo gani, na umetoa matawi wapi. Wako wasemao umbo, muundo au mfumo. Lakini umbo laweza kuwa la mzizi mmoja, muundo aghalabu huelekeza fikira kwenye seli za ndani, na mfumo hutaja jumla ya mizizi pasi na kueleza imekaaje. Usanifu, neno tulilokwisha kulizoea katika ujenzi wa majumba, hubeba maana ya kitu kuwekwa mahali pake kwa ajili ya kazi yake, na kwa hiyo nalipendelea.

Faida ya usanifu huo huonekana mmea unapotafuta chakula udongoni. Fosforasi, ambayo katika udongo mwekundu wa nchi za joto hushikwa kwa nguvu na madini ya chuma na alumini, haisafiri. Mzizi ukisha kuinyonya iliyo karibu nao, masafa ya milimita chache tu, hauna budi kurefuka au kutoa vinyweleo vipya, la sivyo utashinda na njaa ilhali riziki i jirani. Na maadamu fosforasi hiyo huwa nyingi zaidi katika tabaka la juu, maharagwe ambayo mizizi yake ya pembeni hutambaa karibu na uso wa ardhi huipata kwa wepesi kuliko yale yachimbayo moja kwa moja chini. Nitrojeni, ikiisha kugeuka nitrati, ina tabia mbali kabisa: huyeyuka na kushuka pamoja na maji ya mvua, hata mahindi yenye mizizi mifupi yakaikosa. Ndiyo maana mkulima hufukia mbolea ya kupandia, yenye fosforasi, shimoni pamoja na mbegu, na ya kukuzia, yenye nitrojeni, akaichelewesha hadi mahindi yafike magotini.

Jonathan Lynch wa Marekani, ambaye tangu makala yake ya mwaka 1995 ameishughulikia sana elimu hii, alipendekeza mwaka 2013 mahindi yenye mizizi ya matawi machache, iliyosimama wima na kuzama mbali, ili yafikilie maji na nitrati. Lakini mizizi ya namna hiyo huiacha fosforasi juu, kama vile maharagwe yenye mizizi ya juujuu yadhurikavyo upesi na ukame; basi mbegu ya kuchagua hutegemea shamba limepungukiwa na nini. Kuujua usanifu wenyewe hakuhitaji mtambo: shina huchimbuliwa kwa sepeto pamoja na udongo wake, likaoshwa taratibu, na mwinamo wa mizizi ukapimwa ingali mbichi.