Ua Zuri Lililolitesa Ziwa Victoria: Kabla Hujang'oa Ukoka Wako, Soma Hii

Siku hizi ukizurura Insta, dakika tano haziishi hujaona mtu kang'oa kipande cha ukoka mbele ya nyumba akamwaga mbegu za maua ya porini. Sababu zinaeleweka. Ukoka unataka maji, unataka kufyekwa kila mara, na kijana wa bustani lazima alipwe. Maua ya porini yanajiotea tu. Ila kwa watu wa Mwanza, stori ya ua lisilo na kazi siyo mpya, na mara ya kwanza ilikula kwao.

Gugu maji, lile lenye ua la zambarau, kwao ni Amerika ya Kusini. Lilisafirishwa kwa sababu ya urembo. Karne ya 19 wapenda bustani walilibeba bara hadi bara wakaliweka kwenye mabwawa ya nyumbani, maana linaelea lenyewe, halitaki udongo wala mtunzaji. Majina yao wengi hayajulikani, na pengine walikufa wakijiona watu wenye jicho la uzuri tu.

Kufikia karibu mwaka 1990 lilikuwa limeshaingia Ziwa Victoria, likishuka na Mto Kagera kutoka Rwanda. Huko lilikuta maji taka ya mijini na mbolea ya mashambani, na hakuna mdudu wa kulitafuna. Yaani mgeni kafunguliwa friji! Likipata hali nzuri linaongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa. Mitumbwi ilikwama mialoni, nyavu zikanasa majani badala ya sato, na konokono wa kichocho wakapata makazi. Waliolipa ni wavuvi na akina mama wachota maji, watu ambao hawajawahi kumiliki bwawa la maua.

Dawa nayo ilifuatwa Amerika ya Kusini: fukusi wadogo wanaokula gugu hilo, walioachiwa ziwani miaka ya 1990. Walisaidia sana, lakini gugu lipo mpaka leo.

Kumbe Wasukuma wana njia yao ya tangu zamani, ngitili: kipande cha ardhi kinafungwa mvua zikianza, nyasi na miti vinaota vyenyewe, ng'ombe wanafunguliwa kiangazi. Pale Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza 1986 uliifufua, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kijani, sehemu kubwa bila kupanda kitu.

Kwa nyumba ya Mwanza, toleo dogo la ngitili ni kuzungushia uzio kona moja ya uwanja, kuacha mvua za vuli zinyeshe, halafu kuangalia kimeota nini kabla ya kuagiza mtandaoni pakiti ya mbegu zisizojulikana kwao ni wapi.