Asili na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "Bowdlerize"

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vilivyoundwa kutokana na majina ya watu, "bowdlerize" hakisikiki mara kwa mara, lakini historia yake ina funzo kwa wachunguzi wa asili ya maneno. Maana yake ni kuondoa au kubadilisha katika maandishi ya mtu mwingine yale yanayodhaniwa kuwa machafu. Aghalabu hutumiwa kwa kejeli: mhariri hulaumiwa kwamba ameipogoa kazi hata ikapoteza nguvu yake. Kiumbo, kitenzi hiki ni jina Bowdler likifuatwa na kiambishi tamati -ize, chenye asili ya Kiyunani.

Kamusi humtaja Thomas Bowdler (1754–1825), tabibu wa Uingereza, ambaye mwaka 1818 alitoa tamthilia 36 za Shakespeare katika juzuu 10 ziitwazo The Family Shakespeare. Alikusudia zisomwe kwa sauti mbele ya jamaa wote wa nyumbani pasipo mtu kuona haya. Mathalani, Doll Tearsheet, kahaba katika sehemu ya pili ya Henry IV, aliondolewa kabisa. Othello ilimshinda: hata baada ya kuipunguza, alikiri kwamba haikufaa kusomewa familia.

Walakini, toleo hilo halikuwa la kwanza. Toleo lililotangulia, lenye tamthilia 20, lilichapishwa Bath mwaka 1807 bila jina la mhariri. Wataalamu wa leo wanalihesabu kuwa kazi ya Henrietta Maria Bowdler, aitwaye pia Harriet, dada mkubwa wa Thomas, ambaye hakuolewa. Kwa desturi za wakati ule, ingekuwa aibu kwa mwanamke wa hali yake kukiri hadharani kwamba aliyafahamu maneno machafu kiasi cha kuyatambua na kuyafuta. Jina lake likasitirika. La nduguye likaingia kamusini.

Ushahidi wa mapema wa kitenzi chenyewe ni wa mwaka 1836, katika maandishi ya mbunge Thomas Perronet Thompson, miaka 11 baada ya kifo cha Bowdler. Yafaa kuangaliwa kwamba Thompson hakuzungumzia Shakespeare. Alizungumzia majina ya kipagani waliyokuwa nayo baadhi ya Wakristo wa kwanza, ambayo alidhani washika dini wa zama zake wangeyabadilisha. Hivyo neno lilikuwa limekwisha kupanuka maana, na kejeli ilikuwamo tayari. Hata hivyo, si wote walioikubali kejeli hiyo: mwaka 1894 mshairi Swinburne alimtetea Bowdler, akisema kwamba kazi yake iliwawezesha watoto kumsoma Shakespeare.

Basi, mwanaisimu anayeishia kwenye jina lililomo ndani ya neno hupata nusu tu ya historia yake. Kitenzi kinachowasuta wanaofuta maandishi ya wengine chenyewe hakina alama yoyote ya mwanamke aliyeianza kazi hiyo.