Ususiaji wa wanamuziki wa Kongo
Ususiaji wa wanamuziki wa Kongo ni kukataliwa kwa wasanii na umma kwa sababu ya msimamo wao wa kisiasa, au ule wanaodhaniwa kuwa nao. Chimbuko lake mojawapo ni libanga, neno la Kilingala lenye maana ya jiwe, ambalo hutumika kwa desturi ya kulitaja jina la mkubwa ndani ya wimbo kwa malipo. Watawala walipotajwa hivyo, wasikilizaji wengi waliihesabu sifa hiyo kuwa kura. Wasusiaji waliovuma zaidi ni "combattants", yaani wapiganaji, Wakongo wahamiaji wa Paris, Brussels na London walioupinga utawala wa Joseph Kabila, aliyemrithi baba yake kuwa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miaka kadhaa maonyesho ya Ulaya ya wanamuziki waliodhaniwa kuwaunga mkono watawala yalivurugwa au kufutwa. Mwanamuziki Fally Ipupa alipotumbuiza katika ukumbi wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, pikipiki na magari yalichomwa karibu na stesheni ya Gare de Lyon na moshi mweusi ukatanda, ingawa Kabila alikwisha kuondoka madarakani. Hasira, yaonekana, haifuati kalenda ya uchaguzi. Wala lawama haziwapati wenye kusifu tu: Julai 2024 mwanamuziki Koffi Olomide, aliyedai katika RTNC, televisheni ya taifa, kwamba mashariki mwa nchi hakuna vita bali Wakongo wanapigwa tu, aliitwa kujieleza na CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari.