Vita vya Korea vilivyopita Usukumani

Jumamosi moja jioni nilikaa kwenye kibanda umiza pale Buswelu, si mbali na ofisi za Manispaa ya Ilemela, nikisubiri mpira. Mpira ulikuwa bado. Kwenye runinga ilikuwa inamalizika sizoni ya Kikorea, ile ya mtafsiri anayepaza sauti ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na vijana walikuwa wametulia kimya kama wako msibani. Mmoja akauliza hao ni Wakorea wa Kaskazini au wa Kusini. Mwingine akashangaa: kwani zipo ngapi? Kutoka benchi la nyuma likaja jibu kwamba zipo mbili, waligombana.

Jibu si la uongo. Ila limeruka watu kati ya milioni mbili na tatu waliokufa ndani ya miaka mitatu, wengi wao raia wasio na bunduki. Limeruka pia jambo ambalo hata sisi watu wa kanda ya ziwa hatulitaji: vita vile viliwahi kugusa mfuko wa mkulima wa Usukumani, na Waafrika wenzetu wa Ethiopia walikwenda kufia huko.

Korea ilikuwa nchi moja kwa karne nyingi, kisha ikawa koloni la Japani tangu 1910. Agosti 1945 Japani ilipokuwa inasalimu amri, majeshi ya Urusi yalikuwa yanaingia kutoka kaskazini na Wamarekani walikuwa bado mbali. Usiku wa kuamkia Agosti 11, mjini Washington, maofisa wawili wa jeshi, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa watafute mahali pa kuigawa nchi hiyo ili kila upande upokee silaha za Wajapani. Walichokuwa nacho ni ramani ya jarida la National Geographic. Wakaona nyuzi 38 kaskazini mwa ikweta inapita karibu katikati na kuuacha mji mkuu, Seoul, upande wa Marekani. Basi, ikawa. Hakuna Mkorea aliyeulizwa.

Mtu wa ziwa hahitaji kufafanuliwa sana mambo haya. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana kwamba mpaka wao upite juu ya maji ya ziwa letu kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na Wakuria wakajikuta wana serikali mbili. Wakubwa walipokosana Ulaya mwaka 1914, askari wa Kiafrika wakapigana wenyewe kwa wenyewe Kisii, na Julai 1916 Mwingereza akaiteka Mwanza. Tofauti ni kwamba leo ukifika mpakani Sirari na karatasi zako unavuka, unahudhuria harusi ya shangazi, unarudi. Mstari wa 38 haukuwa na Sirari.

Mwaka 1948 kila upande ulitangaza jamhuri yake: Agosti Kusini chini ya Syngman Rhee, Septemba Kaskazini chini ya Kim Il Sung. Kila mmoja alidai kuwa ndiye mwenye nchi nzima. Alfajiri ya Jumapili, Juni 25, 1950, jeshi la Kaskazini likavuka mstari na vifaru vya Kirusi aina ya T-34. Jeshi la Kusini halikuwa na kifaru hata kimoja. Baada ya siku tatu Seoul ikaanguka, na katika kukimbia jeshi la Kusini likalipua daraja la mto Han wakati wakimbizi wakiwa bado juu yake.

Umoja wa Mataifa uliitisha majeshi. Azimio lilipita kwa urahisi kwa sababu mjumbe wa Urusi alikuwa amesusia vikao vya Baraza la Usalama, na kiti kitupu hakipigi kura ya turufu. Kufikia Agosti, Wamarekani na Wakorea wa Kusini walikuwa wamebanwa kwenye kona ya kusini mashariki, kuzunguka bandari ya Pusan. Septemba 15 Jenerali Douglas MacArthur akateremsha majeshi Inchon, nyuma ya adui, na vita vikageuka. Seoul ikarudi. Hapo angeweza kusimama. Hakusimama. Akavuka mstari kuelekea kaskazini, Pyongyang ikaanguka Oktoba 19, na siku hiyohiyo Wachina wakaanza kuvuka mto Yalu usiku, kimyakimya, kwa maelfu kwa maelfu. Kiongozi wao, Mao Zedong, aliwaita wa kujitolea. Mwanawe mwenyewe, Mao Anying, aliuawa huko Novemba kwa bomu la ndege.

Majira hayo ya baridi yalikuwa ya kutisha. Milimani kaskazini vipimo vilishuka chini ya nyuzi 30 za sentigredi chini ya sifuri, mafuta ya bunduki yakaganda na vidole vikakatwa. Seoul ilianguka tena Januari 1951, ikarudishwa tena Machi. Mara nne kwa miezi tisa mji ule ulibadilisha wenyewe. Raia wa Seoul ambaye alibaki alipaswa kujua kila asubuhi ni bendera ipi atoe na ipi afukie, maana aliyeshangilia upande mmoja Julai alipigwa risasi na upande mwingine Septemba. Mimi naona hapo, kuliko kwenye vita vya mizinga, ndipo Wakorea walipogawanyika kweli. Mstari uligawa ardhi. Kule kupekuana na kuoneshana vidole ndiko kulikogawa nyumba.

Sasa turudi nyumbani kidogo. Mwaka ule wa 1951, mkulima wa Usukumani hakuwa anajua Seoul iko wapi, lakini alijua kitu kimeipata pamba. Marekani na wenzake walikuwa wananunua na kuweka akiba malighafi zote za vita, na bei za dunia zikapaa. Mkonge ulifikia bei ambayo wenye mashamba ya Tanga hawakuwahi kuiona, maana meli na bandari hula kamba, na Tanganyika ndiyo ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Walioukata ni manamba, na miongoni mwao walikuwamo Wasukuma na Wanyamwezi walioacha nyumba zao huku. Faida haikuwafuata kambini.

Pamba nayo ilipanda. Mkulima alipeleka mzigo wake kwenye mizani ya mnunuzi, na mizani ile ilikuwa na tabia zake. Manung'uniko hayo ya mizani ndiyo yaliyompa nguvu kijana Paul Bomani hapa Mwanza, akawakusanya wakulima wapime pamba yao wenyewe. Kufikia 1955 vyama vyao vilikuwa vimeunda shirikisho, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo baadaye lilihesabiwa kati ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Sidai kwamba vita vya Korea ndivyo vilivyozaa ushirika huo. Lakini mtu huibiwa kwa uchungu zaidi anapojua kwamba mali yake ina bei.

Wakati pamba ikipimwa huku, meli ya Kimarekani ilikuwa imeondoka Djibouti, Aprili 1951, ikiwa na askari wa Ethiopia. Mwezi Mei walishuka Pusan. Walikuwa wametolewa kwenye kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, wakapewa jina la Batalioni ya Kagnew, jina ambalo husimuliwa kuwa lilikuwa la farasi wa vita wa Ras Makonnen, baba yake mfalme. Kamanda wao alikuwa Luteni Kanali Teshome Irgetu.

Kwa nini Ethiopia? Jibu liko Geneva. Mwaka 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa akiomba nchi yake iokolewe na uvamizi wa Italia, na wakubwa wakamsikiliza kwa adabu, wakamwacha. Miaka kumi na minne baadaye nchi nyingine ndogo ilipovamiwa na Umoja wa Mataifa ukaomba askari, mfalme hakuweza kukaa kimya bila kujisuta. Wapo wasemao alitaka pia silaha za Marekani na kauli nzuri juu ya Eritrea. Nadhani yote mawili yalikuwamo. Wafalme hawana sababu moja moja. Kituo kikubwa cha mawasiliano ambacho Wamarekani walikiendesha Asmara, huko Eritrea, baada ya hapo kilipewa jina la Kagnew, na jina hilo halikuja kwa bahati.

Waethiopia walipewa bunduki za Kimarekani na kuwekwa ndani ya Divisheni ya 7 ya Marekani, Rejimenti ya 32. Jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa ndiyo kwanza linavunja vikosi vyake vya ubaguzi. Rejimenti yao ya watu weusi, ya 24, ilivunjwa Oktoba 1951. Kwa hiyo mzungu wa Alabama alijikuta anashika lindo kando ya Mwafrika mwenye mfalme wake, bendera yake na maofisa wake, asiyejua kuitwa majina. Sisi Tanganyika hatukuwa na bendera ya kupeleka. Askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, Wanyasa na Wakenya, walipelekwa Malaya miaka hiyohiyo kumpigania Mwingereza, na hakuna mfalme wao aliyeulizwa.

Batalioni tatu zilipokezana hadi vita vilipoisha, jumla ya askari zaidi ya 3,000. Zaidi ya 120 walikufa na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Kuanzia katikati ya 1951 vita vilikuwa vimekwama: mazungumzo yalianza Julai, lakini watu waliendelea kufa kwa miaka miwili zaidi wakigombea vilima ambavyo Wamarekani walivipa majina ya mchezo, kikiwamo Pork Chop. Mchana mtu alijificha kwenye handaki. Usiku ndio ulikuwa wa doria. Hapo Waethiopia walijijengea jina. Mei 1953, doria ndogo chini ya Luteni Mamo Habtewold ilizingirwa na Wachina walioizidi mara nyingi. Luteni alijeruhiwa, akapoteza fahamu, akazinduka, akaendelea kupigana na kuita mizinga hadi wakatoka. Mfalme alimpa nishani ya juu ya ushujaa.

Mwandishi wa kijeshi wa Marekani, S.L.A. Marshall, aliyekuwa huko, aliandika kwamba hakuna Mwethiopia aliyetekwa akiwa hai na kwamba walirudi na maiti zao zote. Marshall amekosolewa kwa kukuza mambo katika kazi zake nyingine, kwa hiyo ni vizuri kumsoma kwa jicho la pili. Lakini la mateka lina ushahidi wake: mateka walipobadilishanwa mwaka 1953, Ethiopia haikuwa na mtu wa kumpokea.

Mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa saini Panmunjom, Julai 27, 1953, saa nne asubuhi. Majenerali wawili, Mmarekani William Harrison na Mkorea wa Kaskazini Nam Il, walisaini nakala moja baada ya nyingine bila kusalimiana, wakatoka kwa milango tofauti. Syngman Rhee alikataa kusaini. Mizinga ilinyamaza saa nne usiku. Ndege za Marekani zilikuwa zimeangusha tani 635,000 za mabomu, zaidi ya zilizoangushwa katika vita vyote vya Pasifiki dhidi ya Japani, na mpaka mpya ukakaa karibu palepale pa zamani.

Baadhi ya Waethiopia walibaki kulinda. Walikuta watoto wanaokota mabaki kwenye majalala ya kambi, wakachanga kutoka mishahara yao na kuendesha kituo cha yatima Dongducheon. Nyumbani walipewa viwanja Addis Ababa, mtaa ukaitwa Korea Sefer. Kisha mwaka 1974 wanajeshi wa Derg wakampindua mfalme, Ethiopia ikageukia Urusi na Pyongyang, na kuwa mtu aliyepigana Korea kukageuka jambo la kunyamazia.

Sisi nasi tulikuwa tumekwishachagua. Tanzania ilifungua uhusiano na Korea Kaskazini Januari 1965, Mwalimu Nyerere akaenda Pyongyang 1968, na Kusini tulikuja kuitambua rasmi Aprili 1992. Kwa miaka 27, Mkorea rafiki alikuwa wa Kaskazini. Leo ukisema Mkorea hapa Mwanza, mtu anafikiri meli. Wakorea wa Kusini walishiriki kujenga chelezo Bandari ya Mwanza Kusini, wakaikarabati MV Victoria, na Februari 12, 2023 ikashushwa majini MV Mwanza, meli ya abiria 1,200 na mizigo tani 400, iliyoundwa na kampuni ya Kikorea, Gas Entec. Kilomita chache kutoka hapo, Wachina wanatandika reli ya kwenda Isaka, na ni wao waliojenga Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi. Nimewaona mafundi wa pande zote mbili wakinunua matunda jijini. Babu zao huenda waliviziana kwenye handaki.

Pale Buswelu sizoni iliishia kwa ndugu wawili waliopoteana utotoni kutambuana kwa kovu. Vijana wakapiga makofi. Waandishi wa Kikorea hawachoki na kisa hicho, na hawakukitoa hewani. Juni 1983 televisheni ya taifa ya Kusini, KBS, ilianza kipindi cha dakika 95 cha kuwatafuta ndugu waliopotezana vitani. Watu wakajaa nje ya studio na mabango yenye majina ya vijiji, majina ya utani, alama za mwilini. Kipindi kilikwenda siku 138, na familia zaidi ya 10,000 zikakutana.

Hao walikuwa wote upande wa Kusini wa mstari. Wenye ndugu Kaskazini walijiandikisha wakasubiri zamu, zaidi ya watu 130,000, na wengi wamekwisha kufa. Walikutanishwa mara chache, kwa siku mbili tatu, na miaka ya mwisho ilikuwa kwenye jengo maalumu mlima Kumgang. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 2018. Mapema mwaka 2025 serikali ya Seoul ilisema Kaskazini imeanza kulibomoa jengo hilo.