Mbwa mgeni nyumbani: umwite nani?

Umepewa mbwa na jirani anayehama, au umemchukua yule aliyekuwa akizurura sokoni. Kabla hujamwita Simba, tega sikio kijijini. Kama majirani watatu tayari wana Simba, ukimwita wako usiku watakuja wote wanne.

Jina fupi la silabi mbili hulishika upesi: Bosi, Chui, Popi. Lisifanane na amri. Jojo atachanganya na "njoo". Kama ana jina la zamani na analiitikia, mwachie. Ukilibadili, mwite mara moja, akigeuka mpe dagaa papo hapo. Rudia kila siku. Usimwite kwa jina kisha umchape, atajifunza kulikimbia.

Wapo wanaowapa mbwa majina ya mafumbo, Mtajiju au Wambea, ili jirani asikie. Mimi nasema acheni. Mbwa huyo akimng'ata mtoto wa jirani, nani ataamini ni bahati mbaya?

Akishafikisha miezi mitatu mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa. Siku hiyo utaona faida ya jina: anayeitika huja mwenyewe, wa wengine wanafukuzwa na kamba hadi mtoni.